Shule Imefungwa, Jengo Limebaki: Namna ya Kuamua Lifanyiwe Nini

Shule ya umma ikifungwa, mawazo huwa mengi. Huyu anataka zahanati, yule ukumbi, wa tatu anataka libomolewe viwanja viuzwe. Kazi yangu ni kukaa na kamati zinazopewa mzigo huu, na nakwambia mapema: wazo zuri ndicho kitu kinachopatikana kwa urahisi kuliko vyote. Kinachoadimika ni mtu au taasisi ya kulibeba jengo, atakayelipa umeme, kuziba paa na kufungua mlango kila asubuhi hata fedha za mwanzo zikishaisha. Ndiyo maana hapa suala la matumizi limewekwa nyuma, ingawa mikutano mingi huanza nalo.

Usijidanganye kwamba kutoamua ni kusubiri tu. Chicago ilipiga kura ya kufunga shule karibu 50 kwa mkupuo mwaka 2013, na muongo mmoja baadaye majengo kadhaa yalikuwa bado matupu. Jengo tupu nalo lina gharama, na gharama hiyo hupanda kila mvua inaponyesha.

Hatua ya 1: Linda jengo kabla ya kulijadili

Adui wa kwanza ni maji. Bati moja likifunguka, au mfereji wa paa ukizibwa na majani, maji huingia ukutani, dari huanguka, mbao huoza. Kwa hiyo mteue mtu mmoja, kwa jina, apite kila wiki na baada ya kila mvua kubwa, na aandike kwenye daftari alichokiona. "Kamati itasimamia" maana yake hakuna atakayesimamia.

Funga maji kwenye koki kuu na umwage yaliyobaki kwenye mabomba. Umeme usiukate wote. Acha taa za nje na king'ora cha moto. Madirisha ya chini yazibe, lakini acha njia za hewa, kwani jengo lisilopumua huota ukungu upesi. Nyaya na mabomba ya shaba ndivyo vitu vinavyotangulia kuibwa, na mwizi wa shaba huacha hasara kubwa mara nyingi kuliko thamani ya alichobeba, kwa sababu hubomoa kuta kukifikia.

Halafu soma mkataba wa bima. Mikataba mingi hupunguza au huondoa kabisa fidia jengo likikaa bila mtu kwa zaidi ya siku 30 au 60. Iarifu kampuni kwa maandishi na upate jibu kwa maandishi.

Jambo moja husahaulika karibu kila mahali: rejesta za wanafunzi na kumbukumbu za matokeo. Miaka 20 baadaye atakuja mtu anayehitaji kuthibitisha kwamba alisoma hapo. Zihamishie kwenye ofisi inayotambulika kisheria, tena kwa hati ya makabidhiano iliyotiwa saini. Usiziache kwenye kabati la mwalimu mkuu eti utazirudia.

Hatua ya 2: Soma hati ya ardhi

Nimeona mipango mizuri ikizimika kwa sababu ya aya moja kwenye karatasi ya zamani. Shule nyingi za umma zimesimama kwenye ardhi iliyotolewa na familia, taasisi ya dini au kijiji kwa sharti kwamba itumike kwa elimu. Sharti likivunjwa, ardhi inaweza kumrudia aliyeitoa au warithi wake. Tafuta hati yenyewe. Maelezo ya mdomo ya wazee yana faida yake, lakini hayasimami mahakamani peke yake.

Ukiwa na mwanasheria, hakikisha mambo manne. Nani mmiliki hasa: halmashauri, wizara, au bodi ya shule? Jengo lilijengwa kwa ruzuku gani, na je, ruzuku hiyo ina kipindi ambacho ukibadili matumizi mapema unadaiwa? Je, jengo limeorodheshwa kama urithi wa kihistoria? Na uwanja wa michezo una ulinzi wa pekee? Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1998 inaitaka mamlaka ipate kibali cha waziri kabla ya kuuza uwanja wa michezo wa shule ya umma. Uwanja na jengo ni vitu viwili, na huweza kuwa na hatima mbili tofauti. Mimi hupendekeza vitenganishwe kwenye ramani tangu siku ya kwanza, kwa sababu mnunuzi mwenye haraka mara nyingi huwa anautaka uwanja na hana haja na madarasa.

Hatua ya 3: Uliza kama watoto watarudi

Hii ni fupi. Chukua takwimu za vizazi vya eneo lile, mipango ya nyumba mpya iliyoidhinishwa, na nafasi zilizobaki kwenye shule za jirani. Hesabu miaka kumi mbele. Kama kuna shaka ya kweli kwamba madarasa yatahitajika tena, usiuze. Kodisha kwa muda. Ardhi ya umma katikati ya makazi ikishauzwa, kuinunua tena ni ndoto.

Hatua ya 4: Lijue jengo lako

Ajiri mhandisi wa majengo, na kabla hajatoboa wala kugonga chochote, mtake mtaalamu apime asbesto, yaani nyuzi za madini zilizochanganywa zamani kwenye vifaa vya ujenzi. Majengo mengi ya katikati ya karne ya 20 yana asbesto kwenye paa, vigae vya sakafu, dari au vifuniko vya mabomba. Ikiwa imara na haijaguswa, hatari yake ni ndogo. Ikivunjwa, vumbi lake huingia mapafuni na kusababisha magonjwa yanayojitokeza baada ya miongo. Rangi za zamani nazo zinaweza kuwa na madini ya risasi. Mambo haya mawili peke yake yanaweza kugeuza hesabu nzima, hata kama nia yenu ni kubomoa, maana asbesto huondolewa kwanza ndipo tingatinga liingie.

Kisha angalia umbo. Shule hujengwa kwa mantiki yake: korido pana, vyumba vinavyolingana, madirisha makubwa, vyoo vyote vimerundikwa upande mmoja. Darasa la Japani, kwa kipimo kilichozoeleka huko, lina mita 7 kwa 9, yaani mita za mraba 63. Ukubwa wa namna hiyo unatosha nyumba ndogo ya mtu mmoja au wawili, na hapo ndipo watu husema, "Basi tufanye makazi." Lakini kila nyumba inahitaji choo chake na jiko lake, na mabomba yapo mwisho wa korido tu. Kutoboa sakafu za zege kupitisha maji machafu ndiko kunakokula bajeti. Karakana, ofisi, studio za wasanii na madarasa ya watu wazima huingia kwa gharama ndogo kwa sababu hukubali jengo jinsi lilivyo. Choo cha pamoja hakimsumbui fundi cherehani.

Ukumbi mkubwa ndio sehemu ngumu kuliko zote: dari iko juu, gharama za umeme ni kubwa, na matumizi ni ya siku chache kwa wiki. Uhesabu peke yake.

Kumbuka pia kwamba kubadili matumizi huamsha kanuni za sasa. Jengo lililoruhusiwa likiwa shule linaweza kudaiwa njia za ziada za kutokea moto unapozuka, mteremko wa viti vya magurudumu, hata lifti. Muulize afisa wa majengo mapema, mkiwa na mchoro tu mkononi. Maafisa hawa wana sifa ya kukwamisha mambo, ila kwa uzoefu wangu ukiwafuata kabla ya kujenga ni washauri wazuri.

Hatua ya 5: Panga hesabu ya miaka kumi

Chora jedwali lenye safu nne: kuliacha tupu, kulikodisha kama lilivyo, kulikarabati, kulibomoa. Katika kila safu weka gharama za mwanzo, gharama za kila mwaka na mapato. Safu ya kwanza ndiyo watu hawaijazi, kwa kudhani ni sifuri. Ijaze: mlinzi, bima, paa, kufyeka nyasi, na thamani inayopotea.

Chini ya jedwali andika swali moja kwa herufi kubwa: NANI ANALIPA MWAKA WA SITA? Wafadhili hupenda kukarabati. Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya bili ya umeme. Wazo lisilo na jibu hapo liondoe kwenye orodha, hata likiwa la diwani.

Hatua ya 6: Kutana na wananchi, ndani ya jengo lenyewe

Mkutano wa kwanza utakuwa msiba. Watu wamesoma pale, wameoana na waliokutana nao pale, na wengi wana hasira kwamba shule ilifungwa bila wao kusikilizwa. Waache waseme, usiwaoneshe michoro siku hiyo. Watembezeni madarasani kwa vikundi vidogo, na mwandike kila kitu wanachosema kisiondolewe: ubao wa majina ya viranja, kengele, mti wa uani. Mara nyingi vitu hivi ni vya bei ndogo sana kuvihifadhi, na hupunguza upinzani kuliko hotuba yoyote.

Mkutano wa pili msiulize "Mnataka nini?" Jibu litakuwa kila kitu. Ulizeni: "Ni huduma gani mnaifuata mbali?" na "Nani kati yenu yuko tayari kushika funguo?" Swali la pili hunyamazisha ukumbi, na wale wachache watakaoinua mkono ndio mtakaofanya nao kazi. Bandikeni jedwali la Hatua ya 5 ukutani, likiwa na tarakimu zote. Watu wakiiona bili, mjadala hubadilika wenyewe.

Hatua ya 7: Mtafute mbebaji, kisha ndiyo matumizi

Muroto, Japani, shule ya msingi iliyofungwa ilifunguliwa tena mwaka 2018 ikiwa nyumba ya samaki, na bwawa la kuogelea la wanafunzi sasa lina papa na kasa. Ukisikia hivyo unaweza kukimbilia kutafuta papa. Tazama kwanza nani anaiendesha: taasisi ya watafiti wa kasa, iliyokuwa na ujuzi wake tayari. Kyoto nayo ina makumbusho ya katuni za manga tangu 2006, ndani ya shule ya msingi ya zamani, yakiendeshwa na jiji kwa kushirikiana na chuo kikuu. Mbebaji alikuwepo. Wizara ya elimu ya Japani, nchi ambako shule za umma karibu 450 hufungwa kila mwaka, tangu 2010 ina mpango wa kuyatangaza majengo yanayotafuta wa kuyatumia ili yakutane na wenye mahitaji. Hata wewe unaweza kufanya hivyo kwa kiwango chako: ukurasa mmoja wenye picha, vipimo, hali ya paa na masharti ya hati, upelekwe kwa vyuo, vyama vya ushirika, mashirika na wafanyabiashara.

Msimtafute mmoja wa kulichukua lote. Shule ya ufundi ya Bok huko Philadelphia, Marekani, iliyofungwa 2013, imekodishwa chumba kwa chumba kwa mafundi, wasanii na biashara ndogo. Mpangaji mmoja akihama, jengo halifi. Anzeni na ghorofa ya chini kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili, mkijifunza nani analipa kwa wakati na nani ana maneno tu.

Hatua ya 8: Andika mkataba unaomrudisha nyuma aliyeshindwa

Mkiuza au kukodisha kwa muda mrefu, msichague zabuni kwa bei peke yake. Mnunuzi wa bei ya juu asiye na mpango huweza kulikalia jengo akisubiri ardhi ipande, nanyi mkabaki mnalitazama likianguka huku hamna tena mamlaka juu yake. Wekeni tarehe ya kuanza ujenzi na tarehe ya kumaliza, na kifungu kinachorudisha mali kwa umma tarehe hizo zikipita. Andikeni ni saa ngapi kwa wiki uwanja au ukumbi utabaki wazi kwa wakazi, na nani atawafungulia. Paa, kuta za nje na mfumo wa maji machafu vitajwe kimojakimoja: nani anavitengeneza. Neno "matengenezo" likiachwa peke yake kwenye mkataba, kila upande utalisoma kwa faida yake.

Siku ya makabidhiano pigeni picha kila chumba, someni mita za maji na umeme mbele ya pande zote mbili, na kila mmoja atie saini kwenye karatasi hiyohiyo.