Somo: Furshi nene na moteri ya 150 kwenye pikipiki ya CG 125

Ndugu zangu mafundi na motari (madereva wa pikipiki) wa Goma, karibu kila anayefika kwangu Ndosho anataka kitu kimoja: "Fundi, niongezee nguvu." Namjibu: furshi (mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele) kwanza, moteri (injini) baadaye. Lava iliyoshuka kutoka Nyiragongo Januari 2002 ndiyo tunayoikanyaga hadi leo, na pale ambapo haijasagwa, jiwe lake halina huruma. Pikipiki yenye furshi nyembamba, abiria wawili na gunia la makala (makaa), tayari imefika mwisho wa uwezo wake kabla hujaiongezea mwendo.

Miaka ya nyuma nilimfungia motari mmoja moteri ya 150 (ujazo wa sisi 150) nikamwachia furshi yake ya zamani, kwa sababu hela yake haikutosha. Mwezi haukuisha. Furshi ilipinda kwenye barabara ya Sake, akaanguka na kuvunjika mtulinga. Alipona. Tangu siku ile siweki moteri kubwa juu ya furshi nyembamba, hata mtu akinilipa mara mbili.

Kupima, kabla ya kulipa

Usinunue furshi kwa macho. Nenda mtaa wa maduka wa Birere na kipimo cha vernia mfukoni. Pima unene wa mirija (nyingi utakazokuta ni za milimita 27, 30, 31 au 33), urefu wa shina linaloingia shingoni mwa kadre (fremu), kipenyo cha viti vya rulema (beringi) na unene wa ekseli ya gurudumu. Vipimo hivi vinne vikilingana na pikipiki yako, kazi ni ya asubuhi moja. Shina likiwa fupi au rulema zikikataa, tafuta furshi nyingine. Kukata na kuchomelea shina la usukani ni kazi nisiyoikubali: ule mchomo ukiachia, dereva hana cha kushika.

Nunua furshi pamoja na gurudumu lake, breki yake na vibano vyake vya juu na chini. Kuokota kimoja hapa na kingine pale kutakula muda wako wote.

Kufunga furshi

Inua pikipiki kwa gogo imara chini ya kadre. Unapofungua vifuniko vya juu vya furshi, weka uso pembeni, maana springi imebanwa na kifuniko kinaweza kuruka.

Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi wanaliruka. Kabla ya kutia springi na mafuta, funga furshi tupu na gurudumu lake, kisha ishushe kwa mkono mpaka mwisho. Je, tairi inagusa kibano cha chini? Madigadi inagusa mrija wa moteri? Ikigusa hapa garajini, itagusa pia kwenye shimo la kwanza utakaloingia na mzigo, na gurudumu litasimama ghafla. Rekebisha sasa.

Ikiwa furshi mpya ni ndefu kuliko ya zamani, pua ya pikipiki inapanda na usukani unakuwa mzito kukata kona. Unaweza kupandisha mirija kidogo ndani ya vibano, kisha urudie lile jaribio la kushusha. Mafuta yawe ya furshi, siyo ya moteri, na kiasi kiwe sawa kila upande. Mimi natumia sirinji kubwa, kwa sababu jicho linadanganya.

Kaza rulema za shingo mpaka usukani uanguke wenyewe kulia na kushoto bila kukwama, na ukisukuma pikipiki huku umeshika breki ya mbele usisikie mgongano.

Nyuma, amortiseri (shokamzoba) mbili ziwe na urefu mmoja na springi za aina moja. Ukizibadilisha, pima upya ulegevu wa mnyororo mtu akiwa amekaa juu: sentimita 2 hadi 3 zinatosha kwa pikipiki hizi.

Moteri

Ukoo wa CG ulianzia Honda mwaka 1976, na viwanda vya China vimeunakili kwa wingi. Moteri ya 125 ina pistoni ya milimita 56.5, ile ya 150 ina milimita 62. Mwendo wa pistoni ni ule ule, milimita 49.5. Ndiyo maana nashauri kubadilisha moteri nzima, siyo silinda peke yake: silinda nene inahitaji mdomo wa chini upanuliwe kwa mashine, na kosa dogo hapo linaharibu nyumba yote ya moteri.

Ingiza boliti zote za kushikia moteri zikiwa legevu, kisha kaza kwa zamu. Boliti isiyopita isipigwe nyundo. Weka ubao ulionyooka kwenye pinyo ya mbele na kurone ya nyuma (yale magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo). Mnyororo usipokaa mstari mmoja utakula meno yote mawili.

Umeme ndio unaowasumbua watu. Kuna sidiai (CDI, kifaa kinachotawala cheche) inayokula umeme wa betri na nyingine inayokula umeme wa koili ya moteri. Ukichanganya, buji (plagi) haitoi cheche hata moja na utalaumu moteri bure. Chukua sidiai iliyokuja na moteri yenyewe.

Nafasi ya vali: milimita 0.08, moteri ikiwa baridi, alama ya T (pistoni iko juu kabisa) ikiwa imesimama mahali pake na vali zote mbili zimefungwa. Tia mafuta, karibu lita 1, uthibitishe kwa kijiti. Toa buji, piga kiki mara nyingi ili mafuta yapande, ndipo uwashe. Ikiwa ndani kuna pistoni mpya, kwa kilomita 500 za mwanzo usivute gesi yote.

Maswali ya wanachama

*Mukubwa, niko na Boxer 150 iliyogongwa, moteri ni nzima. Naweza kuitia kwenye kadre ya CG?*

Hapana, mdogo wangu. Boxer inaendesha vali kwa kamu ya juu, CG kwa fimbo za kusukuma, na mashikio yao kwenye kadre ni tofauti. Utalazimika kukata kadre. Uza hiyo moteri, nunua ya ukoo wako.

*Fundi, nimemaliza kila kitu, lakini nikikata kona kulia moteri inanguruma yenyewe.*

Waya wa gesi ni mfupi kwa usukani mpya, au umepita njia mbaya. Usiitembeze hivyo hata hatua kumi. Upitishe upya, kisha zungusha usukani pande zote moteri ikiwa imewaka.

*Yangu inatoa moshi mweusi, na buji imejaa masizi. Kabureta ni mpya kabisa.*

Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa yetu ni pungufu kwa takriban moja ya saba kuliko ya pwani. Kabureta iliyopangwa kwa pwani inamimina esansi (petroli) nyingi kwetu. Safisha kwanza kichujio cha hewa, kisha weka jikleri kubwa (kitundu cha esansi ndani ya kabureta) yenye namba ndogo hatua moja, utembee, uangalie buji. Rangi ya kahawia ndiyo tunayoitafuta. Ikiwa nyeupe, umepunguza kupita kiasi, na pistoni itaungua.

*Na makaratasi, papa fundi?*

Namba ya moteri imechorwa kwenye moteri yenyewe, na haitafanana tena na ile ya karti rozi (kadi ya usajili wa pikipiki). Dai risiti yenye namba hiyo siku unayonunua, uende kuibadilisha kabla hujarudi barabarani. Muuzaji asiyetaka kuandika risiti, mwachie moteri yake.

*Niko na hela ya kitu kimoja tu mwezi huu.*

Furshi.