Mota na betri za bagi ya rimoti kwa mchanga wa Malindi

Kama bagi yako ni ya 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, usikimbilie mota kali, anza na braslesi (mota isiyo na brashi) yenye sensa, ya 17.5T au 13.5T, T ni mizunguko ya waya ndani ya mota, namba ikipanda mota inazidi kuwa pole, na hapa Malindi upepo wa kaskazi ukishavuma mchanga unakauka tairi zinazunguka bure tu. Panchi, yaani ukali wa mota kushtuka ukibonyeza mafuta, ishushe kwa spidi kontrola (kifaa kinachopimia mota umeme), ndo gari itoke kwa kona bila kugeuka nyuma mbele.

Betri LiPo (ya lithiamu) ya 2S, yaani seli mbili, yatosha, ikijaa ni volti 8.4, weka spidi kontrola ikate kila seli ikifika volti 3.2 hivi manake chini ya 3 inaharibika, na ikivimba usiichaji tena kabisa!

Cha kuangalia sana ni joto, kimbiza dakika chache, simamisha, pima mota, ikipita digrii 80 weka pinioni (gia ndogo ya kwenye mota) ya meno machache. Servo, mota ndogo ya kukata usukani, iwe ya gia za chuma. Na ukitoka ufuoni pangusa plagi zote, chumvi inakula shaba mpaka waya unageuka kijani ndani ya plastiki, gari inaanza kukatakata na watu wanalaumu risiva (kipokea mawimbi ya rimoti) bure.