Mteja hajali kasi ya tovuti? Mwambie azime waifai

Katika kutengeneza tovuti, sijawahi kupata mteja aliyeanza kwa kuniuliza kasi. Wanaanza na rangi, nembo, na ile video ya droni ambayo lazima ikae juu kabisa. Ukimwambia tovuti yake ni nzito anaitikia kwa adabu tu, maana yeye huifungua ofisini, na kivinjari chake kimeshahifadhi picha zote tangu jana.

Kwa hiyo usihubiri. Mwombe azime waifai, afungue kivinjari katika hali fiche (incognito), isiyotumia picha zilizohifadhiwa, na aingie kwa bando lake. Kama mteja ana duka la vifaa vya ujenzi na pale kuna kijana mwenye Tecno au itel ya bei ya chini, tumia hiyo. Ndiyo simu waliyonayo mafundi wanaonunua nondo na mabati kwake. Kisha kaa kimya. Mwache aseme mwenyewe, "Mbona haifunguki?"

Hapo fungua PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi ya tovuti, uangalie matokeo ya simu. Alama chini ya 50 ni nyekundu, na nyekundu haihitaji mkalimani. Mwonyeshe namba moja tu: muda ambao kitu kikubwa cha juu ya ukurasa kinachukua kuonekana. Google wanataka usizidi sekunde 2.5. Tangu 2018 wanatumia kasi pia kupanga matokeo ya utafutaji kwenye simu, lakini usimwahidi ukurasa wa kwanza.

Mchawi huwa ni picha. Picha ya simu ina upana wa pikseli 4000 na uzito wa MB 5, halafu inaonyeshwa kwenye kiboksi cha pikseli 400! Ipunguze hadi 1200, igeuze kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, kwa zana ya mtandaoni ya Squoosh, ubora 75. Mara nyingi inashuka chini ya KB 200. Picha za chini ya ukurasa ziwekee loading="lazy" kwenye msimbo, zisipakuliwe hadi mtu azikaribie, ila ile ya juu kabisa usiiwekee. Video ya droni iwe picha yenye kitufe, anayeitaka abonyeze.

Angalia pia wageni wa tovuti wako wapi. Kampuni ya utalii ya Arusha yenye wageni wa Ujerumani, seva yake (kompyuta inayohifadhi tovuti) iwe Ulaya, karibu nao. Wakili anayepata wateja kwa kujuana, mimi simtozi senti ya kasi.

Kwenye profoma andika "kubana picha na kupima kwa simu kabla ya kukabidhi", pamoja na bei ya kusafisha tena. Mwezi ujao atapandisha mwenyewe picha za MB 5.