Mita 60 zinaanzia ukingoni, si kwenye maji ya Oktoba

Wenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, kando ya mto Ruaha Ndogo wanaijua sheria ya mita 60, inayokataza kulima karibu na mto kuliko hapo. Imo katika Sheria ya Mazingira ya 2004, na kila mkutano wa kijiji inasomwa. Tatizo ni upimaji. Mtu anashuka mtoni Oktoba, maji yamebaki mkondo mwembamba katikati ya mchanga, naye anaanza kuhesabu pale pale maji yalipoishia. Machi mto unajaa, mahindi yanasimama majini, na mbolea ya kukuzia aliyoinunua kwa fedha yake inasafiri hadi bwawa la Mtera.

Halafu anahesabu kwa hatua! Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua 60 ni mita 45 tu. Umeshaula mto mita 15 kabla ya kushika jembe.

Pima Machi au mwanzoni mwa Aprili, mto ukiwa umejaa, na upigilie vigingi siku hiyo hiyo. Ukichelewa, tafuta takataka zilizonasa matawini na mstari wa tope kavu kwenye magome, anzia hapo. Tumia kamba ya mita 20, mara tatu. Penye mteremko usiilaze chini ikafuata ardhi, maana mto ndio utakaopunjwa. Ivute usawa hewani, vipande vya mita 5, kama fundi anayepima msingi.

Kwenye mstari wa vigingi panda mabingobingo, yale majani marefu ya malisho, mistari miwili, Desemba mvua zikishakolea. Vipingili viwe na vifundo vitatu, viwili viingie ardhini, nafasi sentimita 50. Ng'ombe wakatiwe, wasipelekwe kula hapo, watakanyaga kila kitu.

Mikaratusi iliyo ndani ya mpaka ikatwe, lakini tafadhali, visiki visiguswe. Ukivifukua, ukingo unameguka mvua ya kwanza. Vunja machipukizi kila yanapofika magotini, na katikati yake panda miti ya asili ya mtoni kama mivengi au mikuyu.

Maji yakianza kutakata mapema baada ya mvua, mmepatia.

Aliyekwisha kupanda ndani ya mpaka msimu huu asing'oe. Avune, ayaache mabua yalale, na jembe lisirudi tena upande wa vigingi ulio mtoni.