Kabla hujaandika ukurasa wa biashara yako Mwanza: mambo ya kutayarisha ili wanaotafuta Google wakupate

Wengi wanaofungua tovuti za biashara hapa Mwanza huanzia mwisho. Wanalipia kikoa (jina la tovuti), wanamtafuta kijana wa kutengeneza, wanabishana kuhusu rangi, halafu siku ya kukabidhiwa wanaulizwa: "Maandishi yako wapi?" Usiku huohuo yanaandikwa: "Karibu kwenye kampuni yetu. Sisi ni wasambazaji wakubwa wa bidhaa bora za uvuvi Kanda ya Ziwa." Hakuna mtu wa Dodoma wala Mbeya anayeandika maneno hayo kwenye simu yake. Yeye anaandika "bei ya dagaa wa mwanza gunia", kwa herufi ndogo, basi. Umbali uliopo kati ya sentensi hizo mbili ndio unaoamua kama utaonekana au la, na unafupishwa kabla ya kuandika.

Mfano wangu atakuwa muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, kwa sababu mzigo wake unakwenda nchi nzima na wateja wake wengi hawajawahi kufika sokoni. Mwenye lodge Capri Point au mwenye boti ya kupeleka wageni kisiwa cha Saanane atabadilisha bidhaa tu. Maandalizi ni yaleyale.

Anza na maswali ya wateja, na usiyatafute mbali. Fungua WhatsApp ya biashara, rudi nyuma miezi kadhaa, unakili kila swali kama lilivyoandikwa, na makosa yake ya herufi. Utapata vitu kama hivi:

"Mambo, dagaa gunia sh ngap"
"Shikamoo mama, hao dagaa wana mchanga?"
"Mnatuma Dom? Nauli juu ya nani"
"Nataka wa kuku sio wa kula"
"Gunia moja lina kilo ngapi"

Soma orodha hiyo taratibu. Swali la mchanga peke yake ni ukurasa mzima. Dagaa walioanikwa chini ufukweni hubeba mchanga hata ukiwaosha mara mbili. Waliokaushwa juu ya chanja huwa safi, na aliyezoea huwatofautisha kwa kuwashika tu. Muuzaji anayajua haya tangu utotoni, ndiyo maana hafikirii kuyaandika. Mama lishe wa Morogoro hayajui, na ameshawahi kutafuna mchanga, kwa hiyo anatafuta. Atakayemweleza vizuri jinsi ya kuwatambua dagaa wa chanja, akiwa na picha za karibu za aina zote mbili, atakuwa ameshapata nusu ya imani yake kabla hata ya kutaja bei.

Swali la kuku nalo linaonyesha jambo jingine. Neno "dagaa" lina wateja wawili ambao hawafanani: anayelisha familia na anayechanganya chakula cha mifugo. Wa kwanza anataka ladha na usafi. Wa pili anataka bei ya tani na mzigo usioharibika njiani. Ukiwaweka wote kwenye ukurasa mmoja, kila mmoja atasoma nusu isiyomhusu na kuondoka. Tengeneza kurasa mbili. Kinyume chake pia ni kweli: usiandike kurasa tatu zinazojibu swali moja kwa maneno tofauti, maana zitashindana zenyewe kwa zenyewe na Google itachagua moja, pengine ile usiyoitaka.

Ukishakuwa na maswali, ndipo uende Google. Tumia dirisha la faragha (incognito) la kivinjari chako, kwa sababu Google hutazama mahali ulipo na mambo uliyotafuta zamani, na ukitafuta kwa simu yako ya kila siku unaweza kujiona uko juu wakati wengine hawakuoni kabisa. Andika neno moja, usibonyeze chochote, tazama mapendekezo yanayoshuka. Kisha fungua ukurasa wa kwanza wa majibu na ujiulize wamewekwa akina nani. Zikijaa video za mapishi, aliyeandika neno hilo ana njaa, hatafuti gunia. Tafuta neno lingine. Wakijaa wauzaji wa jumla, hapo ndipo ushindani ulipo. Ukikuta habari ya miaka mingi iliyopita, au maelezo ya dagaa wa Kigoma, ambao ni samaki wengine kabisa kutoka Ziwa Tanganyika, hapo kuna pengo, na pengo ndilo unalolitafuta.

Zana za kuhesabu utafutaji zipo. Google Trends imekuwapo tangu 2006, na Keyword Planner inapatikana ukifungua akaunti ya matangazo ya Google. Zitumie, ila usizipe neno la mwisho. Kwa maneno ya Kiswahili mara nyingi huonyesha takwimu finyu au hazionyeshi kitu, na watu hukata tamaa hapo. Mimi naamini zaidi meseji ishirini za wateja wanaofanana kuliko jedwali linalosema sifuri.

Amua lugha mapema, ukurasa mmoja lugha moja. Mgeni anayetaka kuona Saanane anatafuta kwa Kiingereza. Mnunuzi wa dagaa anatafuta kwa Kiswahili, naye si lazima awe Mtanzania, maana dagaa wa ziwa letu wanavuka hadi Kongo, na Kiswahili kinasikika vizuri Goma na Bukavu. Ukitaka lugha zote mbili, andika kurasa mbili zinazojitegemea na umwombe fundi aziunganishe ili Google ijue kuwa ni jozi. Usichukue tafsiri ya mashine ukaibandika bila kuisoma. Kwa wanaoandika Kiingereza nina angalizo: Malawi nayo ina wilaya iitwayo Mwanza. Andika "Mwanza, Tanzania" angalau mara moja sehemu ya juu.

Halafu jiulize una nini ambacho mwingine hana. Miongozo ambayo Google huwapa watu wanaokagua ubora wa majibu yake iliongezwa kigezo cha uzoefu Desemba 2022: je, aliyeandika amelishika jambo hili kwa mikono yake? Alama za wakaguzi hao hazipandishi wala kushusha ukurasa wako moja kwa moja, lakini zinaonyesha Google inataka kwenda wapi. Kwa hiyo kabla ya kuandika, nenda Mwaloni asubuhi na simu yenye chaji. Piga picha ya gunia likiwa juu ya mzani, namba zikisomeka. Piga picha ya kiganja chenye dagaa wa chanja kando ya kiganja chenye dagaa wa mchangani. Waulize wapakiaji gunia linafungwaje ili lisipate unyevu kwenye basi, uyaandike majibu yao kama walivyosema. Programu za akili mnemba zinaweza kukuandikia maneno elfu moja kwa dakika kuhusu "umuhimu wa dagaa kiafya", na Google haikatazi kuzitumia. Inachopiga vita, na tangu Machi 2024 imekiweka wazi kwenye sera zake, ni kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kupanda tu, bila kumsaidia msomaji. Ile picha yako ya mzani, programu hizo hawana namna ya kuwa nayo.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni muda wa maisha ya unachoandika. Bei ya dagaa hufuata mwezi. Wakati wa giza wavuvi huwavuta kwa taa, mzigo huwa mwingi na bei hushuka. Mbalamwezi ikiwaka taa hazifui dafu, mzigo huadimika. Ukiandika bei kwenye ukurasa wa kudumu, baada ya wiki mbili umegeuka mwongo, na mteja atakupigia kukudai bei ya zamani. Ukurasa wa kudumu ueleze kwa nini bei inapanda na kushuka, gunia lina ujazo gani, na mzigo unasafirishwaje. Bei yenyewe iwe na mahali pake pekee, penye tarehe, na pawe na mtu mwenye jina aliyepewa kazi ya kupabadilisha. Kubadilisha tarehe tu huku maneno yakibaki yaleyale hakusaidii chochote.

Daraja la Kigongo–Busisi limetupa mfano mzuri. Kwa miaka mingi, aliyeandika namna ya kwenda Sengerema au Geita kutoka Mwanza ilibidi aeleze kivuko cha Kigongo, foleni yake na muda wa kusubiri. Juni 2025 daraja lilifunguliwa, na maelezo hayo yote yakachakaa kwa siku moja. Kama una lodge Geita na ukurasa wako bado unamwambia mgeni asubiri kivuko Kigongo, unampotosha. Kwa hiyo kwenye mpango wako, mbele ya kila ukurasa, andika ni tukio gani litakalolazimisha ubadilishwe: nauli mpya, ratiba mpya ya meli, stendi kuhamishwa. Na anwani ya ukurasa (URL) usiiwekee mwaka. Ukurasa unaoishia na "2024" utaonekana mzee hata ukiuandika upya kila mwezi, na ukibadilisha anwani bila kuelekeza ile ya zamani kwenye mpya, linki zote ulizopata zinakufa.

Kichwa cha ukurasa, maelezo mafupi na vichwa vidogo viandikwe mapema pia, lakini visikuchukulie siku nzima. Kichwa kitaje jambo na mahali: "Dagaa wa chanja kwa gunia, Mwanza: ujazo, usafiri na namna ya kuagiza." Maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa kwenye majibu ya Google hayakupandishi, kazi yake ni kumshawishi mtu abonyeze. Yule anayekuambia ujaze maneno yasiyoonekana na msomaji kwenye kisanduku cha "keywords" amepitwa na wakati. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haikitumii katika kupanga majibu.

Simu inahitaji umakini zaidi. Google ilimaliza mwaka 2023 kuhamia kwenye utaratibu wa kusoma tovuti kama zinavyoonekana kwenye simu, kwa hiyo ukurasa unaopendeza kwenye kompyuta ya ofisini pekee haujakamilika. Mteja wako ana bando dogo na mtandao unaosuasua. Kipimo cha Google ni kwamba sehemu kubwa inayoonekana kwanza ifunguke ndani ya sekunde 2.5. Kinachoua kasi ni picha: ile ya mzani ikitoka kwenye kamera inaweza kuwa na megabaiti nne au tano. Ipunguze kabla ya kuipandisha, ipe jina linaloeleweka badala ya namba za kamera, na uandike maelezo yake kwa sentensi moja. Namba ya simu iwe ya kubonyeza ikapiga, na isiwe imeandikwa ndani ya picha.

Kama wateja wanakuja dukani, tayarisha wasifu wa biashara kwenye Google sambamba na tovuti. Ni bure, na kwa utafutaji wa "karibu nami" mara nyingi huo ndio unaoonekana kwanza. Andika jina la biashara lilelile kila mahali, saa za kufungua za kweli, na alama za mahali ambazo mtu wa daladala anazijua: mkabala na nini, ng'ambo ya barabara gani, unashukia kituo kipi. Anwani ya makazi iwepo, lakini mgeni wa Makoroboi ataulizia kwa alama, hataulizia kwa namba ya nyumba.

Kuna mambo ya karatasi. Kikoa kisajiliwe kwa jina lako au la kampuni yako na barua pepe yako, kamwe kisiwe kwa jina la fundi. Mkikosana, ameondoka na duka. Angalia kama unachochapisha kinaangukia kwenye Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zinazosimamiwa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), hasa ukigusa habari na matukio. Na kama ukurasa unakusanya majina na namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu. Wale wanaoahidi "namba moja Google ndani ya wiki" waache wapite. Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi hiyo, na linki za kununua zinavunja sera zake.

Google Search Console, zana ya bure inayoonyesha watu walikupataje Google, iunganishwe kabla ukurasa wa kwanza haujatoka, ili usipoteze taarifa za mwanzo. Wasilisha ramani ya tovuti (sitemap, orodha ya kurasa zako), kisha uipe muda. Ukurasa mpya kwenye tovuti changa unaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kukaa mahali pake, kwa hiyo anayetaka wateja wa Desemba aandike Septemba. Ndani ya zana hiyo tazama zaidi orodha ya maneno yaliyowaleta watu, na suala la ukurasa uko namba ngapi liache kwanza. Humo utakuta maneno ambayo hukuyapanga. Wakija wengi wanaotafuta "dagaa wa kuku" na wewe huuzi, weka sentensi moja juu kabisa inayosema hivyo, umtaje jirani anayeuza ikiwa mmekubaliana. Wakiwa wengi zaidi ya hao, ni wakati wa kuzungumza na jirani huyo kuhusu bei ya tani.