Kabla hujakodi fremu karibu na kiwanda, Mtwara au Lindi

Vijana wanaopita dukani kwangu hapa Mtwara mjini wana swali moja: "Mama Beringi, wanasema viwanda vinakua huku kusini, nifungue nini?" Nami huwarudishia maswali. Kiwanda gani? Kinakula nini? Kinafanya kazi miezi mingapi kwa mwaka? Kina watu wangapi? Nauza beringi, mikanda ya mashine, sili za oili na mota. Mzigo ukikaa rafuni mwaka mzima ni pesa iliyolala, kwa hiyo siagizi kitu kwa kusikia asilimia redioni. Hivi ndivyo ninavyopima.

Anza na jedwali. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa pato la taifa na la mikoa, na kusoma ni bure. Ukikuta jumla ya "viwanda na ujenzi", usiishie hapo. Ndani yake kuna uchimbaji wa madini na mawe, uzalishaji wa bidhaa viwandani, umeme, maji, na ujenzi wenyewe. Shuka mstari kwa mstari, maana kila mmoja una wateja wake.

Chukua gesi. Ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na tangu bomba la kwenda Dar es Salaam lizinduliwe mwaka 2015 inasafishwa pale Madimba, inaingia bombani, inakwenda zake. Thamani yake ni kubwa, wanaoiendesha ni wachache. Mstari wa uchimbaji unaweza kuruka juu na mimi nisiuze hata mkanda mmoja. Ujenzi nao una hila yake. Bomba lile na kiwanda cha saruji cha Dangote vilipokuwa vinajengwa, mji ulijaa mafundi wa kuchomelea, na wenye vyumba walipandisha kodi. Kazi ikaisha, watu wakafungasha. Kujenga kiwanda na kukiendesha ni masoko mawili, na fremu ya kuhudumia wajenzi haikodiwi kwa mkataba mrefu.

Kitu kingine kwenye jedwali: kuna pato kwa bei za mwaka husika na kuna pato kwa bei za mwaka mmoja uliowekwa kuwa msingi, kama 2015. Ukitaka kujua kama kazi imeongezeka, soma la pili. La kwanza linapanda hata pale bei tu ilipopanda.

Sasa korosho, na hapa twende polepole, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Msimu wa 2024/25 nchi ilivuna zaidi ya tani 500,000. Watu wakashangilia viwanda. Mwanangu, korosho iliyotoka shambani ikaenda ghala la chama cha ushirika, ikauzwa mnadani na kupakiwa melini ikiwa na ganda lake, hiyo ni kilimo, biashara na usafirishaji. Kiwanda kinaanza pale inapobanguliwa, na sehemu kubwa ya korosho yetu bado hubanguliwa India na Vietnam.

Wala jengo lisikudanganye. Miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Zao lilikuwa limefika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74. Kisha watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri unga ukaingia, na kufikia 1986/87 zilivunwa chini ya tani 20,000. Viwanda vikafungwa, na baadhi ya majengo yakaishia kuwa maghala. Ukipita barabarani unaona bati refu na uzio, unasema kiwanda. Nenda nyuma ya jengo ukatazame rundo la maganda. Maganda mapya yana mafuta yanayong'aa na harufu kali. Ya zamani yamekauka, nyasi zimeota juu. Tazama moshi wa boila. Simama getini saa ya kuingia zamu uhesabu akina mama wanaoingia.

Halafu nenda Mei au Juni, si Novemba. Mnada wa korosho hufanyika miezi michache tu, kuanzia Oktoba, na mwenye kiwanda lazima anunue pale mzigo wa kubangua mwaka mzima. Piga hesabu: kiwanda cha tani 10 kwa siku, siku 300, kinahitaji tani 3,000. Tuseme kilo moja ni shilingi 3,000, hizo ni bilioni 9 kabla ya mishahara na umeme, na katika kila kilo nne za korosho ghafi utapata kama kilo moja ya korosho nyeupe iliyobanguliwa. Anayeshindana naye mnadani anapakia melini na kurudisha pesa yake mapema. Ndiyo maana kiwanda kinachonguruma Novemba kinaweza kunyamaza Machi, mitambo ikiwa mizima kabisa. Ukipata nafasi ya kumuuliza meneja swali moja, muulize ana korosho ya kufikia mwezi gani.

La pili muulize mashine. Zile za kukata kwa mkono na mguu zinataka akina mama wengi, wanaopaka majivu au mafuta vidoleni kwa sababu utomvu wa ganda unababua ngozi. Zinazojiendesha zinataka mikono michache na mafundi zaidi. Kwangu hizo ndizo zenye faida, kwa muuza chakula getini ni kinyume chake. Ukuaji ni uleule, ila mfuko unaonufaika ni mwingine.

Viwanda vikubwa usivitegemee kwa vipuri. Dangote ana uwezo wa tani milioni 3 za saruji kwa mwaka, lakini kiwanda cha ukubwa huo huagiza vyake moja kwa moja. Tafuta kinachokizunguka: malori, matairi, springi, chakula cha madereva. Sera ya nchi ya 2003 hupanga biashara kwa idadi ya watu: 1 hadi 4 ndogo sana, 5 hadi 49 ndogo, 50 hadi 99 za kati, 100 kuendelea kubwa. Wateja wangu karibu wote wako kwenye makundi mawili ya mwanzo: mashine za kusaga, za kukamua ufuta, maseremala, wafyatua tofali, wavuna chumvi wenye pampu. Hawa hakuna anayewatangaza. Wahesabu mwenyewe kwa miguu, mtaa kwa mtaa.

Kwa Lindi, kinywe (madini ya grafaiti) cha Ruangwa ningekifuatilia: kwenye jedwali ni uchimbaji, lakini mtambo wa kukisafisha una vinu, pampu na vikaushio, na vyote vinazunguka juu ya beringi. Mradi wa kusindika gesi Likong'o umezungumzwa zaidi ya miaka kumi. Usinunue kiwanja kwa habari ya mazungumzo. Subiri wawekezaji watangaze uamuzi wa mwisho wa uwekezaji. Waingereza walimwaga pesa Nachingwea kwa karanga kuanzia 1947, wakatandika na reli. Mpango ukafa 1951, na reli ikaja kung'olewa. Bandari ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo imebaki, ina gati jipya la mita 300, na sasa inapitisha korosho na makaa ya mawe ya Ruvuma. Kwa hiyo anayetaka usalama zaidi aangalie bandarini kwanza: kule kuna mzigo wa kila aina, na foklifti zake za kunyanyua mizigo nazo huharibika.