Kufunga GPS ndogo kwa boti na kuipatia stima isikuzimikie ziwani

Usiku mmoja tukirudi Dunga, ufuo wa Kisumu kwa Ziwa Victoria, kutoka upande wa kisiwa cha Ndere, GPS, ile mashine ya kukuonyesha uko wapi, ilinizimikia katikati ya maji na wala haikuwa imeharibika. Nilikuwa nimeichomeka kwa soketi ya sigara, ile kama ya gari, sasa injini imetetemeka njia yote plagi ikajisukuma nje kidogo, upana wa ukucha tu, stima ikakatika. Betri za ndani nazo sikuwa nimeweka, najiambia si kuna betri ya boti. Tulifika, lakini kwa kutafuta taa za mji na kubishana. Kwa hivyo nikikwambia hiyo soketi usiilete kwa boti ujue haya si mambo ya kusoma mahali.

Tuanze na pa kuifunga. Boti zetu nyingi ni za mbao na anayeendesha amekaa nyuma ameshika mkono wa injini, basi GPS ikae kwa ubao wa kukalia ulio mbele yake, mahali akinyoosha mkono wa pili anabonyeza bila kuachilia injini. Kwa ukingo hapana, hapo ndio nyavu hupita na siku moja itaenda na wavu. Chini ya mabati pia hapana, inataka kuona anga. Na kama una dira ya sumaku ziachanishe kabisa.

Chukua kipande cha mbao ngumu saizi ya kiganja, kifunge kwa huo ubao na skru za stenlesi, halafu kishikio kiingie kwa hicho kipande. Usitoboe mbao za ubavu wa boti, kila tundu ni maji yanaingia na mbao inaanza kuoza. Kishikio cha simu cha pikipiki, vile vya soko la Kibuye, kinaweza kusaidia ila nati zake hulegea haraka, nunua nati zile ziko na plastiki ndani ubadilishe. Halafu mashine yenyewe ifunge kamba, kwa sababu zingine huelea lakini nyingi huzama kama jiwe.

Sasa stima, na hapa ndio watu huharibu. Injini ndogo za kuvuta kamba hazina betri, ingawa zingine ziko na waya za taa zinatoka pembeni, na fundi atakwambia unganisha tu hapo. Usikubali. Ile stima mara nyingi ni AC, ile ya kugeuza mwelekeo kila mara, na inapanda ukiongeza mafuta, bila kifaa cha kuigeuza na kuidhibiti itachoma GPS yako hata kabla hujafika Ndere. Mimi natumia betri yake pekee, ya volti 12 iliyofungwa kabisa, ya 7Ah (yaani amp mara saa ni 7), saizi ile ya mitambo ya alamu. Hesabu ni rahisi: kama mashine inakula amp 0.3, saa 10 imekula 3Ah, na betri hizi hazipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hivyo usiku mmoja wa kuvua omena unatosha na asubuhi unarudisha kwa sola.

Kabla ya kuunganisha soma nyuma ya mashine inataka volti ngapi. Ile ya kuchaji na USB inataka 5, ukiipa 12 moja kwa moja umeiua, lazima upitishe kwa kibadilishi kama kile cha pikipiki, na ukiweke mbali na GPS angalau nusu mita maana vile vya bei ya chini huleta fujo kwa mawimbi. Waya nyekundu iwe na fyuzi, ya amp 2 kwa mashine ndogo, na hiyo fyuzi ikae shubiri moja tu kutoka kwa betri si huko mwisho karibu na GPS, kwa sababu waya ikichubuka katikati fyuzi iliyo mbali haisaidii kitu. Viungo choma na solda ufunike na mpira wa kujikunja kwa moto, tepu nyeusi peke yake hubanduka wiki mbili tu. Betri ikae kwa boksi la plastiki mbali na mtungi wa petroli, na ukiunganisha malizia na kichwa cha betri tena kabla hujajaza mafuta, cheche moja na mvuke wa petroli uliolala chini ya boti, wewe mwenyewe unajua.

Kitu kingine kidogo sana: ile kofia ya mpira inayofunika tundu la USB. Mashine inaandikwa IPX7, yaani inastahimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, lakini kwa nyingi hiyo ni kofia ikiwa imefungwa, na ukichaji iko wazi. Basi elekeza tundu chini, na waya uiache ining'inie kama U kabla ya kuingia ili maji yadondoke pale chini yasifuate waya hadi ndani.

Ukiingiza kwa mkono namba za alama ya mahali kwa GPS, angalia N (kaskazini) na S (kusini). Kisumu iko dakika 6 hivi (si za saa, ni sehemu ya 60 ya digrii ya ramani) kusini mwa ikweta, Port Victoria iko kaskazini, kila dakika ni kilomita 1.85, kwa hivyo ukikosea herufi alama yako ya Kisumu inaruka kilomita 22 mpaka nchi kavu.

Jaribu ukiwa bado umefunga boti ufuoni: washa injini, izungushe kwa nguvu, shika waya uitingishe, uone kama ile alama ya chaji inapepesa. Ikipepesa kuna kiungo kimelegea, usitoke. Betri za ndani weka hata hivyo. Na ukifuata njia yako ya jana kurudi gatini weka mtu mbele na tochi, GPS haioni gugu maji na upepo wa jioni umeshalihamisha.